Mwanangu analia nikimnyang'anya simu: nimchagulie michezo ipi?

Swali: Mimi ni mama wa watoto wawili. Wa kwanza ana miaka 3 na nusu, wa pili ana miezi 14. Nafanya kazi nyumbani, na mara nyingi nampa mkubwa simu ili nimalize kazi. Nimempakulia michezo ya watoto kama 15, yote ya bure, na mingi imeandikwa kwamba ni ya kufundishia. Lakini matangazo ni mengi, na nikimwambia muda umekwisha analia mpaka anajitupa chini. Mdogo naye sasa ameanza kuinyoshea simu mkono. Naomba unisaidie: ni michezo ipi mizuri, acheze dakika ngapi, na je, nimeshamharibu mwanangu?

Jibu: Dada yangu, naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi. Hujamharibu. Mtoto wa umri huo kuangua kilio akinyang'anywa kitu kinachomfurahisha ni jambo la kawaida kabisa. Kuacha jambo tamu katikati na kugeukia jingine ni kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo, na sehemu hiyo ni miongoni mwa zile zinazochelewa sana kukomaa. Inaendelea kujengeka hata baada ya mtu kuvuka miaka 20. Kwa hiyo kilio chenyewe hakinitishi. Kinachonitia wasiwasi ni hiyo michezo 15. Mingi ya aina hiyo imetengenezwa kwa makusudi ili iwe vigumu kuiacha, na inawashinda watu wazima, sembuse mtoto.

Umetaka majina ya michezo mizuri. Nitakutajia machache, lakini orodha huchakaa upesi. Mchezo uliotulia mwaka huu, mwakani unaweza kuwa umeuzwa kwa kampuni nyingine na kujazwa matangazo. Afadhali kwanza nikupe namna ya kuupima mwenyewe.

Usiku wa leo, watoto wakishalala, fungua mchezo mmoja wa mwanao. Cheza dakika moja au mbili, kisha weka simu mezani uiache. Usiguse kitu. Hesabu polepole mpaka 20, ukitazama simu inafanya nini wakati wewe hufanyi chochote. Kuna michezo itakayotulia: mhusika atapepesa macho, atajikuna kichwa, pengine atageukia upande kitu kilipo kama mtu anayekukumbusha kwa upole, na atakungoja. Kuna mingine haitavumilia hata sekunde tano. Mkono mweupe utaanza kugonga kitufe, sauti itakuita, zawadi itadondoka, sanduku litameremeta, na kabla hujafika 20 tangazo litakuwa limeshajaa kwenye kioo. Mchezo unaomngoja mtoto unampa nafasi ya kufikiri. Huu usioweza kungoja hauna haja na fikra zake, unataka kidole chake. Kila mchezo ninaoletewa naupitisha kwenye jaribio hili kabla ya kuangalia kitu kingine chochote, na ni mara chache sana limenidanganya.

Nikueleze nilichokiona siku moja, nilipokaa na msichana wa miaka 4 na mama yake, nikimtazama akicheza michezo miwili mfululizo kwenye simu ileile. Wa kwanza ulikuwa wa kumwogesha dubu. Hauna alama, hauna saa inayokimbia, hauna kushinda wala kushindwa. Una dubu, sabuni, sifongo, maji na taulo, basi. Alianza kwa kumpaka dubu sabuni tumboni mpaka povu likajaa. Kisha akagundua kwamba sabuni inashika hata ukutani, akapaka ukuta mzima. Halafu akasita, kidole kikiwa hewani, akamwambia mama yake, "Analia." Dubu hakuwa analia. Alikuwa amefumba macho tu, kama alivyochorwa. Mama akamuuliza analia nini. "Sabuni imemwingia machoni." Akafungua maji, akamsuuza uso taratibu, akamkausha kwa taulo, huku akimbembeleza kwa maneno ambayo bila shaka yeye mwenyewe huambiwa akiogeshwa. Mchezo ulimpa povu na maji. Hadithi aliitoa kichwani mwake.

Mchezo wa pili ulikuwa wa kupasua maputo yenye herufi, na ulijiita wa kufundishia. Kila alipogusa kioo, popote pale, puto lilipasuka kwa kishindo, nyota zikamwagika, sauti ikapiga "Hongera!" Baada ya maputo kama 12 likatokea tangazo la mchezo mwingine, wa magari. Alama ya X ya kulifungia ilikuwa juu pembeni, ndogo kama kichwa cha kiberiti, na haikujitokeza mpaka sekunde kadhaa zilipopita. Yeye aligusa katikati panapong'aa, kama mtoto yeyote angegusa. Simu ikamtoa kwenye maputo, ikampeleka dukani kwenye ukurasa wa kupakua. Akautazama kidogo, kisha akamkabidhi mama yake simu: "Imeharibika." Nilimuuliza ni herufi gani alizopasua. Akanijibu, "Nyekundu."

Michezo yote miwili ni ya kugusa na kujibiwa. Yote miwili ingeweza kutangazwa kuwa ni shirikishi, na hapo ndipo wazazi wengi wanapopotezwa njia. Tunaona kidole cha mtoto kinakwenda mbio, tunadhani na kichwa kinakwenda. Mwaka 2015 mwanasaikolojia Kathy Hirsh-Pasek wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, pamoja na wenzake, walikusanya yanayojulikana kuhusu namna watoto wanavyojifunza, wakauliza yanatuambia nini juu ya programu za simu. Walichosisitiza ni kwamba akili ya mtoto iwe kazini na si mkono tu, asikatizwe katikati ya anachokifanya, anachokutana nacho kihusiane na maisha anayoyajua, na awepo mtu wa kuzungumza naye. Ukimpima dubu kwa kipimo hicho, anapita kote. Kuoga msichana yule anakujua, alikuwa anatunga, hakukatizwa, na mama alikuwepo wa kumuuliza analia nini. Maputo yalianguka kote, ingawa mama alikuwa amekaa palepale: hakupata hata pa kuchomekea neno.

Kwa wadogo zaidi, hata mahali pa kugusa pana maana. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2016, watoto wa karibu miaka 2 walitazama video za kuwafundisha neno jipya kwenye kioo cha kugusa. Wale wadogo kabisa miongoni mwao walilishika neno pale walipotakiwa kugusa palepale kitu kilipo ndipo video iendelee. Kugusa popote hakukuwasaidia. Kwa hiyo ukiona mchezo unaojibu kwa fataki zilezile mtoto akigusa kulia, kushoto, au akilalia kioo kwa kiganja kizima, ujue haumfundishi kwamba tendo lake lina maana.

Na hilo neno "kufundishia" lisikuongoze. Kwa sehemu kubwa anayeliandika ni mtengenezaji mwenyewe. Herufi zikipita kwenye kioo, anaona ametimiza wajibu. Google ilianzisha mwaka 2020 alama inayoonyesha kwamba programu imepitiwa na walimu, na Apple ina sehemu ya watoto yenye masharti makali zaidi kuhusu matangazo na taarifa za mtoto. Alama hizo zinasaidia kupunguza takataka. Hata hivyo mimi bado ningehesabu mpaka 20.

Sasa matangazo, maana hapa nina uchungu kidogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichunguza programu 135 zilizolenga watoto wa chini ya miaka 5 au zinazotumiwa nao, na mwaka 2019 wakachapisha walichokiona: asilimia 95 zilikuwa na angalau aina moja ya matangazo. Mengine ni video zinazokata mchezo katikati. Mengine yamejificha ndani ya mchezo wenyewe: mhusika ambaye mtoto anampenda anamwonyesha vitu vilivyofungwa kwa kufuli, anamwomba avifungue, na akikataa anaonyesha huzuni. Hebu lifikirie hilo, dada. Mtoto wa miaka 3 humhurumia mdoli aliyeanguka. Akiambiwa na paka wa kwenye simu kwamba paka amehuzunika kwa sababu yeye anaondoka, kwake hiyo si biashara. Ni paka amehuzunika. Kabla ya miaka 7 au 8 hivi, watoto wengi hawajaweza kutambua kwamba tangazo lipo ili kuwashawishi. Kumtupia mtu wa umri huo shinikizo la kununua ni kumwonea, na sioni neno laini la kuliitia.

Fedha nazo zimepotea huko. Mwaka 2014 Tume ya Biashara ya Marekani ilizibana Apple na Google kwa sababu ya watoto kununua vitu ndani ya michezo bila idhini ya wazazi. Apple ilikubali kurudisha angalau dola milioni 32.5, na Google angalau dola milioni 19. Tangu hapo kuzuia ununuzi kumekuwa rahisi, lakini kizuizi hakijiwashi chenyewe kwenye kila simu. Kiwashe leo.

Majina uliyoyaomba ni haya. Khan Academy Kids ni ya bure kweli, haina matangazo, imetengenezwa na shirika lisilo la faida kwa watoto wa miaka 2 hadi 8, na ina hadithi, michoro na mazoezi ya kuhesabu. Michezo ya Sago Mini ni mizuri kwa umri wa mwanao: wanyama wachache, mambo machache ya kufanya, hakuna haraka. Toca Boca, kampuni ya Stockholm iliyoanza kutoa michezo mwaka 2011, ndiyo iliyonionyesha kwamba mchezo wa simu unaweza kuwa kama sanduku la vitu vya kuchezea badala ya shindano. Ila baadhi ya michezo yake inauza vitu vya nyongeza, kwa hiyo usimpe kabla hujafunga ununuzi. Akifika miaka 5, kuna ScratchJr, ya bure, ambamo mtoto anapanga vipande vya rangi ili paka atembee, aruke au aseme kitu alichorekodi mtoto mwenyewe. Mingi kati ya hiyo inazungumza Kiingereza. Wala usihangaike. Punguza sauti kabisa, uwe wewe msimulizi: "Sungura anaenda wapi? Mbona amevaa kofia?" Lugha anayoisikia kinywani mwako inamfaa kuliko sauti yoyote iliyorekodiwa.

Lakini kama ungenishika mkono uniulize ni mchezo gani ninaoupenda kuliko yote kwa mtoto wa miaka 3 na nusu, ningekutajia kamera. Tayari unayo, haina tangazo, na inamngoja mtoto siku nzima. Mwambie: "Nitafutie vitu vitano vya mviringo humu ndani, uvipige picha." Atainuka. Atazunguka. Atakuletea kifuniko, kitasa, gurudumu la gari lake, kitufe cha shati, na picha moja ya kidole chake mwenyewe. Halafu mnakaa mnazitazama pamoja, na hapo ndipo maneno yanapomwagika, kwa sababu kila picha ina habari yake. Kesho yake ni vitu vyekundu, keshokutwa vitu vilivyo juu ya kichwa chake. Kirekodi sauti nacho kinafanya maajabu: mrekodi akisimulia alichoota, kisha mwachie ajisikilize. Wengi hucheka mpaka machozi mara ya kwanza, kisha huomba warudie ili waseme vizuri zaidi. Mtoto anayeomba kurudia ili aseme vizuri zaidi anajifunza lugha, tena hakuna aliyemwahidi nyota.

Kuhusu dakika. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: watoto wa chini ya miaka 2 wasiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Saa hiyo ni kila kioo, pamoja na televisheni. Mimi kwa mwanao ningeanza na dakika 20 hadi 30 kwa mkupuo mmoja, mara moja au mbili kwa siku, na ningejali zaidi zinawekwa wapi kuliko zinafika ngapi. Ziweke kwenye saa ambayo mdogo analala na wewe una kazi isiyongoja. Saa hiyohiyo kila siku. Mtoto akijua kwamba simu huja mdogo akilala na huondoka mdogo akiamka, au kazi fulani ikiisha, utaona anaacha kuiomba asubuhi nzima. Wakati wa kula iwe mbali, na saa moja kabla ya kulala pia.

Kuna mahali pamoja ningekuomba usiiweke kabisa: pale anapolia au kukasirika, ili anyamaze. Najua inafanya kazi, na inafanya kazi haraka, ndiyo maana inashawishi. Mwishoni mwa mwaka 2022 jarida la tiba ya watoto la JAMA Pediatrics lilichapisha utafiti uliowafuatilia watoto wa miaka 3 hadi 5. Waliozoeshwa kutulizwa kwa vifaa hivi mara nyingi walionekana baadaye kuwa wepesi zaidi wa kupandwa na hisia, hasa wavulana. Maana yake si kwamba siku moja ndani ya foleni ndefu imemdhuru mtoto. Ila kutulia ni ujuzi, na ujuzi unataka mazoezi, na kila kilio kinachofunikwa kwa simu ni zoezi moja lililorukwa.

Sasa tuje kwenye kilio cha kunyang'anywa. Pengine huwa unamwambia, "Bado dakika mbili," kama tunavyoshauriwa wengi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliochunguza familia zenye watoto wadogo mwaka 2016 walikuta jambo lililowashangaza hata wao: tahadhari ya dakika mbili ilifanya kuachana na kioo kuwe kugumu zaidi, si rahisi zaidi. Kilichosaidia ni pale mchezo au kipindi kilipofika mwisho wake wenyewe, au pale kuacha kulipokuwa sehemu ya mazoea ya siku. Ukifikiri unaona kwa nini. Dakika mbili kwa mtoto asiyejua saa ni tishio lisilo na umbo. "Ukimaliza picha hii" ni kitu anachokiona kwa macho.

Ndiyo sababu nilikupeleka kwanza kwenye ule mtihani wa mezani. Mchezo usioweza kungoja kwa kawaida pia hauna mwisho. Ngazi inaleta ngazi, puto linaleta puto, video inafungua video. Ukimtoa mtoto humo, kila dakika utakayochagua ni katikati. Analia kwa sababu umemkata, na kwa kweli umemkata, maana hapakuwa na ncha ya kushika. Chagua michezo yenye ncha: fumbo la vipande linalokamilika, dubu anayemaliza kuoga akalala, hadithi yenye ukurasa wa mwisho. Zima kile kitufe kinachochezesha video inayofuata yenyewe. Dakika chache kabla ya wakati kaa karibu naye, tazama anachofanya, kiulizie. Kisha mwambie, "Dubu akikauka, wewe ndiye utakayezima." Mwache azime mwenyewe kwa kidole chake na aipeleke simu mahali pake, kwenye kikapu au droo moja isiyobadilika. Na kitu cha mikono kiwe tayari kinamngojea: maji na vikombe, nguo za kukunja pamoja nawe, kalamu na karatasi. Mtoto anayetoka kwenye kioo akaingia kwenye utupu atarudi kuomba kioo.

Siku za kwanza atalia, pengine zaidi ya sasa, kwa sababu anajaribu mlango uliokuwa ukifunguka. Piga magoti uwe kimo chake, sema maneno machache, "Ulikuwa unafurahia, na sasa imekwisha," ukae naye mpaka ipite. Usihutubie. Na usimrudishie simu siku hiyo, hata kama jirani anasikia.

Upande wa mipangilio ni kazi ya nusu saa. Futa yote iliyoanguka mtihani. Nadhani utabaki na miwili au mitatu, na hiyo inamtosha mtoto wa umri huo, tena watoto wadogo hupenda kurudia kilekile. Weka namba ya siri kwenye ununuzi. Kwenye iPhone kuna njia ya kuifunga simu ibaki ndani ya mchezo mmoja tu, ukibonyeza kitufe cha pembeni mara tatu baada ya kuiwasha kwenye mipangilio. Simu za Android nazo zina ya kubandika programu moja isitoke. Kabla ya kumkabidhi, weka hali ya ndegeni. Matangazo mengi hutegemea intaneti, kwa hiyo mengi yatakatika, na mchezo wa kumwogesha dubu ukikataa kufunguka bila intaneti, jiulize unaihitaji ya nini. Vilevile mchezo ukiomba kujua mahali ulipo au majina ya watu kwenye simu yako, ukatalie na ufute.

Huna haja ya kukaa naye dakika zote. Umenieleza wazi kwamba unampa simu ili ufanye kazi, na kazi lazima ifanyike. Kaa naye mara ya kwanza ya kila mchezo mpya, umwonyeshe njia, kisha umwachie. Baadaye, mkiwa mnakunja nguo, muulize dubu leo alikuwa na nini. Swali hilo moja linafanya sehemu kubwa ya kazi ambayo ungeifanya ukikaa begani kwake.

Huyu wa miezi 14 yeye hana mchezo wa kutafutiwa. Mpaka karibu miaka 2 na nusu watoto hupata taabu kuhamisha walichokiona kwenye kioo kukileta kwenye maisha halisi. Jambo lilelile akionyeshwa na mtu aliye mbele yake hulishika upesi zaidi. Kitu kimoja tu ndicho kinachovuka vizuri, nacho ni simu ya video na mtu anayempenda. Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha watoto wa miaka 2 hadi 2 na nusu wakijifunza maneno kutoka kwa mtu anayezungumza nao papo kwa papo kwa video, huku wakishindwa kuyapata kutoka kwenye video iliyorekodiwa. Mtu wa papo kwa papo humngoja mtoto, hucheka mtoto akicheka, humjibu akinyoosha kidole. Kwa hiyo bibi yake apige. Mkono anaounyoosha haumaanishi kwamba ana kiu ya michezo. Ameona kitu ambacho kila mtu ndani ya nyumba anakishika kwa heshima, naye anataka kukishika. Mpe kopo na kifuniko chake, na wakati mwingine weka simu yako chini akikutazama.

Jambo moja la kuangalia kwa mkubwa, mbali na simu yenyewe. Kama haitiki akiitwa jina, kama bado haungi maneno kuwa sentensi fupi, au kama hata siku ambayo simu haionekani hajui kuchezea kitu chochote wala kuigiza lolote, mpeleke kwa daktari wa watoto apimwe usikivu na makuzi ya lugha, na usingoje kuona kama kupunguza simu kutatosha. Katika barua yako sikuona dalili ya hayo.

Ukishamaliza kuhesabu usiku wa leo, niandikie majina ya michezo iliyobaki, na uniambie mwanao huwa anasema nini akiwa anaicheza.